Pesa ya serikali kwa utetezi wa wagonjwa wa akili: Lubumbashi iombe mfumo upi?

Familia zenye mgonjwa wa akili, vyama vya watu wenye ulemavu na maavoka (mawakili) wanaowasaidia wanapokaa kuandika ombi kwa serikali, swali la kwanza mezani huwa ni kiasi. Tuombe ngapi? Kuna swali linalotangulia hilo: pesa ipite mkononi mwa nani. Faranga zilezile zikipita kwa avoka, zitazaa utetezi wa mahakamani. Zikipita kwa taasisi yenye haki ya kuingia wodini bila kualikwa, zitafichua yanayotendeka humo. Zikipita kwa mtu wa kartie anayetembea na mgonjwa kutoka ofisi hadi ofisi, kesi nyingi hazitafika mahakamani kabisa. Na zikipita hospitalini zitaishia hospitalini, kwa sababu hakuna anayeweza kumtetea mgonjwa dhidi ya yule anayemlipa mshahara.

Hapa tunaweka njia nne bega kwa bega: ile ya Kongo iliyomo kwenye sheria tangu 1979, ya Marekani, ya Uingereza pamoja na ya Uswidi iliyo karibu nayo, na ya Afrika Kusini. Zote tunazipima kwa hali ya Lubumbashi: komini saba, parke (ofisi ya waendesha mashtaka), gereza la Kasapa, kituo cha Joseph Guislain cha Mafrere wa Charité, na vyumba vya maombi ambako wagonjwa wengi hupelekwa kabla ya kumwona daktari.

Kipimo: siku tano za kwanza

Tuseme kijana wa Katuba amepandwa na ugonjwa, amevunja kioo cha duka, polisi wamemtia kasho. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema asikae humo zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kukabidhiwa kwa mamlaka yenye uwezo. Parke ikimtolea hati ya kukamatwa kwa muda, ile inayoitwa MAP, ina siku 5 za kumfikisha mbele ya hakimu. Hakimu akiamua abaki ndani, ni siku 15, kisha siku 30, kisha 30 nyingine. Anayetaka kukata rufaa dhidi ya amri hiyo ya kumweka ndani ana saa 24 tu.

Kifungu cha 19 kinampa kijana huyo haki ya kuhojiwa mbele ya avoka au mtetezi wa mahakama kuanzia kwa polisi. Kwenye karatasi, haki hiyo ni nzuri sana. Lakini mtu aliyekosa dawa kwa siku tatu, hajalala, anajibu «ndiyo» kwa kila swali ili aachwe apumzike, hawezi kuidai. Anatia kidole kwenye PV, karatasi ya mahojiano yake. PV hiyo ndiyo itakayosomwa mpaka mwisho wa kesi.

Sheria ya jinai, kama ilivyorekebishwa mwishoni mwa 2015, inakubali kwamba mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimnyima uwezo wa kuelewa tendo lake alipolitenda habebi jukumu la jinai. Ila hoja hiyo haijitokezi yenyewe kwenye faili. Lazima mtu aandike ombi ili ofisa wa parke amteue daktari mtaalamu. Lazima mtu alete fishi ya zamani ya hospitali. Lazima mtu alipe gharama ya uchunguzi. Hapo ndipo mambo huharibika: ombi linaandikwa miezi baadaye, siku ya kusikilizwa kesi, mgonjwa akiwa ameshapewa dawa au amezidi kudhoofika, na daktari anaulizwa kuhusu akili ya siku ambayo hakumwona. Ripoti inatoka na maneno ya kusitasita, na hakimu hana la kushika.

Kwa hiyo kila mfumo tunauliza jambo moja kabla ya yote: katika siku 5 za kwanza, nani anafika?

Kasho siyo mlango pekee. Kuna kaka anayeomba mahakama imtangaze mdogo wake kuwa hawezi kujisimamia, kisha parsele (kiwanja) ya baba inauzwa. Code ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaruhusu hatua mbili zenye uzito tofauti: kumnyima mtu uwezo wote na kumpa mlezi, au kumwekea tu msaidizi wa kumwongoza katika mambo makubwa. Bila mtetezi, familia huomba ile kali na huipata. Na Kongo, tangu ilipojiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, imekubali katika kifungu cha 12 kwamba mtu hapotezi uwezo wake wa kisheria kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya kikaboni namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za mtu anayeishi na ulemavu. Zana za kisheria basi zipo. Aliyekosekana ni mwenye kulipwa ili azitumie.

Njia ya kwanza: ofisi ya bure ya baraza la maavoka

Amri yenye nguvu ya sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 inalitaka baraza la maavoka liwe na ofisi ya kushauri na kutetea wenye kipato kidogo. Mjini watu wanaiita BCG. Utaratibu ni huu: familia inachukua cheti cha umaskini kwenye huduma ya mambo ya kijamii ya komini, inakipeleka BCG pamoja na karatasi za kesi, ofisi inateua avoka, mara nyingi ambaye bado yuko kwenye staji, yaani mafunzo ya kazi. Cheti hichohicho huambatanishwa na ombi la kusamehewa gharama za mahakama.

Ubaya wake unajulikana na kila aliyewahi kupita hapo. Avoka hulipa mwenyewe usafiri wa kwenda Kasapa na fotokopi za faili. Staji ikiisha, faili inabadilisha mikono na kila kitu kinaanza upya. Kubwa zaidi, BCG inangoja mtu aje. Mgonjwa wa akili haji. Anayekuja kwa niaba yake ni familia, na katika kesi ya parsele familia ndiyo upande wa pili. Hata cheti chenyewe ni kikwazo, kwani komini itauliza kitambulisho, yaani karta ya mchaguzi, na mtu aliyelala njiani miezi sita hana karta.

Hata hivyo njia hii ina faida moja isiyo na nyingine yoyote: haihitaji sheria mpya. Baraza la maavoka la Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, lipo na ofisi ipo. Anayeomba pesa kupitia hapa aombe mambo matatu yaliyotenganishwa: posho ya faili, usafiri na nakala, na gharama ya mtaalamu. Zikichanganywa katika kapu moja, posho italiwa kwanza na mtaalamu hatalipwa.

Posho ya faili nayo isilipwe kwa kila siku ya kusikilizwa. Ukilipa kwa kikao, umelipa kesi iahirishwe. Lipa kwa vipande viwili: nusu avoka akionyesha karatasi ya kumtembelea mteja ndani ya siku 5 pamoja na nakala ya ombi la mtaalamu lenye muhuri wa kupokelewa, nusu uamuzi ukitoka, uwe wa kuachiwa, wa matibabu au wa hukumu. Kipande cha kwanza ndicho chenye thamani. Hata kesi ikishindwa baadaye, daktari atakuwa amemwona mgonjwa mapema.

Njia ya pili: taasisi huru yenye ufunguo, mtindo wa Marekani

Marekani ilitunga mwaka 1986 sheria inayojulikana kwa kifupi PAIMI, baada ya uchunguzi wa Seneti kuhusu mateso katika hospitali za akili. Kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji mfumo kama huo ulikuwa umeanza 1975, kashfa ya taasisi ya Willowbrook huko New York ilipokuwa bado mbichi. Pesa inatoka serikali kuu, inagawanywa kwa kanuni ya idadi ya watu na kipato, na kufikia mashirika 57: kila jimbo, mji mkuu, Puerto Rico, maeneo manne ya ng'ambo, na moja la jamii za wenyeji asilia.

Masharti ni makali, na ndiyo yanayofaa kusomwa kwa makini. Shirika lisiwe la mtu anayetoa matibabu. Liwe na haki ya kuingia katika vituo, kuongea na wagonjwa, na kuona mafaili pale panaposhukiwa mateso au kutelekezwa. Liwe na baraza la ushauri ambalo angalau asilimia 60 ni watu waliopata au wanaopata huduma za afya ya akili, au ndugu zao, na mwenyekiti awe mmoja wao. Tangu 2000, linaweza kuwatetea pia wanaoishi nyumbani kwao.

Ufunguo huo siyo maneno matupu. Mwaka 2011, katika kesi iliyotoka Virginia, Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu shirika la utetezi la jimbo liwashitaki maofisa wa jimbo hilohilo katika mahakama ya shirikisho, ili lipewe kumbukumbu za vifo vilivyotokea katika hospitali za akili za serikali. Kwa maneno mengine, serikali ililipa mtu wa kuifungulia serikali kabati.

Kasoro yake ni kwamba pesa haitoshi kila mgonjwa. Kwa sehemu kubwa ya muongo wa 2010 bajeti ilikuwa karibu dola milioni 36 kwa mwaka. Ukigawa kwa 57 unapata wastani usiofika dola laki saba kwa kila shirika, katika nchi yenye bei za maavoka wa kule. Mashirika hayo huchagua vipaumbele kila mwaka na wengi huambiwa hapana. Wenye kesi ya talaka, ya nyumba au ya jinai ya kawaida mara nyingi hutafuta kwingine.

Je, tuombe taasisi kama hiyo hapa? Kwa maoni yetu, siyo sasa. Ingehitaji sheria ya Kinshasa, jengo, mkurugenzi, magari. Pesa ya miaka ya kwanza ingeliwa na kuta. Tukiazime kile kisichogharimu kitu, yaani ufunguo. Kongo inayo taasisi yenye ufunguo tayari: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, CNDH, ambayo sheria yake ya tarehe 21 Machi 2013 inaipa uwezo wa kutembelea magereza na mahali pa kuzuilia watu. Makubaliano ya maandishi kati ya ofisi yake ya mkoa na baraza la maavoka, kwamba avoka wa BCG aambatane na ziara hizo, yanagharimu karatasi na usafiri.

Njia ya tatu: msindikizaji asiye avoka

Uingereza imetenganisha mifuko miwili. Tangu Aprili 2009, mtu aliyelazwa kwa nguvu chini ya sheria ya afya ya akili ana haki ya msindikizaji huru. Huyu siyo avoka. Anamweleza mgonjwa amri inasema nini, anamsaidia kuandaa maneno yake, anakaa naye mbele ya madaktari. Tangu Aprili 2013 serikali za mitaa ndizo zinazolipa huduma hiyo kwa mikataba. Kando yake kuna mfuko wa pili: mgonjwa akipeleka shauri lake mbele ya baraza la kisheria linalopitia kulazwa kwake, avoka analipwa na serikali bila kupima kipato. Hakuna cheti cha umaskini. Wazo hilo moja, likihamishwa Lubumbashi, lingefuta kikwazo cha karta ya mchaguzi kwa mtu aliyeko kasho au wodini.

Uswidi ilikwenda mbali zaidi katika upande wa msindikizaji. Baada ya majaribio yaliyoanza 1995, serikali kuu ilianza mwaka 2000 kuzipa manispaa ruzuku ya kuajiri wasindikizaji binafsi wa watu wenye matatizo mazito ya akili. Anafanya kazi kwa agizo la mteja peke yake. Hachukui amri ya daktari wala ya ndugu. Katika eneo la Skåne huduma hiyo inaendeshwa na vyama vya watumiaji na familia zao, na msindikizaji anaweza kutumia miezi kujenga imani na mtu aliyejifungia kabla ya kuongea naye juu ya karatasi yoyote.

Mtu wa namna hii ndiye pekee anayeweza kufika kwenye chumba cha maombi cha komini ya Kenya au Ruashi ambako mgonjwa amefungwa mnyororo «mpaka pepo atoke». Sheria za Marekani na Uingereza zilijengwa zikifikiria hospitali. Kwetu, mahali pa kwanza pa kumzuilia mgonjwa mara nyingi ni ua wa mchungaji au wa nyumbani, na avoka mwenye toge akifika hapo mlango unafungwa. Mama wa kartie anayejulikana, akiingia na kusema «shikamoo mchungaji, nimekuja kumwangalia mtoto wetu», anaketishwa. Akirudi mara tatu, ataomba mnyororo ulegezwe na mgonjwa apelekwe kwa daktari huku maombi yakiendelea. Kwa mara nyingi hilo linakubaliwa mahali ambapo kitisho kisingekubaliwa.

Udhaifu wake uko wazi. Hawezi kukata rufaa ndani ya saa 24. Kasapa hana haki ya kuingia zaidi ya ile ya mgeni wa kawaida. Na asipolindwa na kanuni ya maandishi atageuka mtumishi wa familia, akibeba ujumbe wa wale wanaotaka mgonjwa aondoke nyumbani.

Njia ya nne: msaada wa kisheria wa taifa, Afrika Kusini

Hapa tupite upesi, isipokuwa kwa funzo moja. Sheria ya afya ya akili ya 2002 ya Afrika Kusini inampa mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa haki ya avoka anayelipwa na serikali katika mashauri ya sheria hiyo, na Legal Aid South Africa ndiyo chombo cha kazi. Ni mfumo mpana, wenye ofisi nchi nzima. Kongo kuujenga ni kazi ya miaka mingi.

Funzo ni Life Esidimeni. Idara ya afya ya mkoa wa Gauteng iliwahamisha wagonjwa wa akili kutoka vituo vyenye wahudumu waliofunzwa kwenda kwa mashirika madogo yasiyo na uwezo, 144 walikufa. Machi 2018 msuluhishi Dikgang Moseneke aliamuru familia zilizodai zilipwe randi milioni 1.2 kila moja. Familia nyingi ziliwakilishwa na SECTION27, shirika la kisheria linaloishi kwa michango, na nyingine na Legal Aid South Africa, kwa pesa ya serikali dhidi ya serikali. Hilo la pili liliwezekana kwa sababu Legal Aid ina sheria yake na haiko chini ya idara ya afya. Lakini aliyekwenda mahakamani Desemba 2015, kabla ya vifo, kujaribu kuzuia uhamisho, alikuwa yule wa michango. Mfuko wa serikali unapoandikwa, basi, uruhusu waziwazi kesi ya kuzuia madhara kabla hayajatokea, na kesi dhidi ya serikali yenyewe. Yasipoandikwa, mhasibu wa kwanza atakataa hati ya malipo.

| Njia | Nani afika siku 5 za kwanza | Mfuko wa pesa | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| BCG | Avoka, akiitwa | Mstari wa bajeti ya taifa au mkoa | Haiendi kwa mgonjwa, cheti, usafiri |
| Taasisi huru | Mkaguzi, kwa malalamiko | Serikali kuu peke yake | Sheria mpya, gharama ya ofisi |
| Msindikizaji | Yeye, hata kabla ya kasho | Komini au mkoa | Hana uwezo wa kisheria |
| Msaada wa taifa | Avoka wa zamu | Serikali kuu | Haujajengwa |

Tunachopendekeza, na kwa nani

Kwa Lubumbashi: BCG ilipwe kwa vipande, msindikizaji mmoja kwa kila komini, na ufunguo wa CNDH. Chama chenye nguvu ndogo kianze na msindikizaji. Maavoka wenye uhusiano mzuri na bunge la mkoa waanze na BCG. Wote wawili waandike barua moja, wasipeleke mbili zinazoshindana.

Mfuko wa komini una jambo la kuangaliwa. Code ya madini ya 2018 inagawa mrabaha, ada inayolipwa na migodi, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 chombo cha mtaa ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Komini yenye mgodi ndani ya mipaka yake inaweza kumlipa msindikizaji wake kutoka hizo 15. Kamalondo, isiyo na mgodi, haina. Kwa hiyo komini za katikati ya mji zielekeze ombi kwenye 25 za mkoa, la sivyo huduma itakuwa ya wanaoishi karibu na mashimo tu.

Mstari kwenye bajeti siyo pesa. Matumizi ya umma hupita hatua nne: kuahidiwa, kuhakikiwa, kuamriwa, kulipwa, na maombi mengi ya kijamii hufia kati ya ya tatu na ya nne. Ombi dogo lenye hati zake kila robo mwaka hupita kirahisi kuliko kubwa la mara moja. Bajeti ya mkoa hujadiliwa katika kikao kinachoanza mwisho wa Septemba. Faili iwe kwa waziri wa mkoa wa bajeti kufikia Julai. Akaunti iwe ya baraza la maavoka, yenye sahihi mbili, moja ya mwakilishi wa familia. Wawakilishi wa hospitali wakae kwenye meza ya ushauri. Kwenye akaunti, hapana.

Kilichobaki ni karatasi ya ziara, ambayo inaweza kuanza kutumika wiki hii bila faranga ya serikali. Ukurasa mmoja: tarehe na saa ya kukamatwa, mahali alipo, amelala saa ngapi, amekula nini, dawa gani na mara ya mwisho lini, kwa maneno ya aliyempa, hospitali aliyowahi kulazwa na namba ya fishi, maneno yake mwenyewe, yaandikwe kama alivyosema bila kunyooshwa, nani anadai nini kwake, saa 24 za rufaa zinaisha lini. Nakala tatu: faili ya avoka, daktari, na msindikizaji. Daktari apewe yake siku hiyohiyo, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha mgonjwa alivyokuwa kabla ya sindano ya kwanza.